DARK: hii hesabu ya miaka 33 sie wa Unguja tunaijua zamani

Nimemaliza Dark mara ya pili, ile series ya Wajerumani ya Netflix, misimu mitatu epsodi 26, ilianza Disemba 2017 ikaisha 2020, na huu ndio ukweli wangu. Kama hujaiona katizame kwanza ndio urudi, humu nimefumua kila kitu.

La sauti mwanzo. Kijana alonitilia kwenye flashi mara ya kwanza alinipa ile ilobadilishwa kuwa Kiingereza, midomo inakwenda kwake na maneno yanakwenda kwake, mtu analilia mwanawe aliepotea utasema anasoma taarifa ya habari, nikaiwacha epsodi ya pili. Omba ya Kijerumani chenyewe yenye maandishi chini. Na simu weka mbali maana ukijisahau dakika mbili tu hujui tena mtu yupo mwaka gani.

Kisa kipo mji mdogo unaitwa Winden, una kinu cha nyuklia na pango msituni, mtoto Mikkel anapotea usiku wa Novemba 4, 2019 anakuja kutokezea 1986. Kila wakiruka ni miaka 33, yaani 2019, 1986, 1953, na yule kijana Jonas, ndie mhusika mkuu, mwisho wa msimu wa kwanza anajikuta 2052. Watu wana nadharia chungu nzima juu ya hii 33, wengine wanaona ni namba ya kutisha tu ilochaguliwa. Mie siafiki kabisa. Ndani ya series wenyewe wanataja mzunguko wa jua na mwezi, na huo sie tunaishi nao, mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, ndio Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka mpaka ikamaliza duru ikakaa palepale, na duru hiyo ni kama miaka 33. Nikachukua kalenda nikahesabu. Ramadhani ya 2019 iliingia Mei, ya 1986 Mei, ya 1953 Mei! Wallahi nywele zilinisimama. Nikamuuliza bibi akajibu hapohapo bila kufikiri, eti 86 alifunga kwenye masika na mimba ya ami yangu, tope mpaka mlangoni, na udogoni pia alifunga kwenye mvua kama hizo. Kwa hiyo mtu asinambie 33 ni pambo.

Bibi ndie alonifungulia na mengine. Alikuwa anachambua mchele pembeni, Kijerumani hajui wala maandishi hayafuati, mie namfasiria. Ile mwisho wa msimu wa pili Charlotte na Elisabeth wananyoosheana mikono kila mmoja yupo zama zake, nikamwambia bibi, huyu Charlotte ndie aliemzaa Elisabeth, na Elisabeth ndie aliemzaa Charlotte. Ungo ukasimama mkononi. "Yaani kamzaa mamaake? Sasa nani anamwamkia mwenzie?" Nimesoma maelezo marefu ya fizikia juu ya series hii na hakuna lilogusa kama suali hilo, kwa sababu Dark kwanza ni habari ya nasaba, mashine inakuja baadae. Mtu aliezoea kuulizwa wewe mtoto wa nani, wa kina nani, ataifuata vizuri kuliko anaekwenda kutafuta mashine.

Binamu yangu alishikilia tangu msimu wa kwanza kuwa yule kasisi Noah ndie Bartosz, rafikiye Jonas, aliekua mkubwa, tukawekeana urojo. Ikaja kujulikana Noah ni mtoto wa Bartosz. Kakosea kizazi kimoja tu, nikamnunulia mwenyewe, nadharia ile ilikuwa ya heshima.

Msimu wa tatu ulitoka Juni 27, 2020, siku ileile ambayo ndani ya kisa dunia inaangamia, hapo niliwavulia kofia. Lakini ule ulimwengu wa pili wa Martha, mpenzi wa Jonas, umeletwa kwa haraka mno, wanataka umlilie mtu uliemjua juzi, epsodi tatu za mwanzo nimezivumilia tu. Inakaa sawa wanapofika kwa Tannhaus, fundi saa aliepoteza mwanawe, mkwe na mjukuu kwenye ajali ya gari, akaunda mashine ya kuwarudisha akaupasua ulimwengu. Wanaosema mwisho ule ni wa mkato siwaelewi, kwangu mie ndio mzizi wenyewe.

Naipa nane kwa kumi.

Tunalobishana mpaka leo ni ile karamu ya mwisho, umeme umekatika, Hannah, mamaake Jonas, ana mimba, anakodolea koti la mvua la manjano anasema Jonas ni jina zuri, na Jonas hajapata kuwepo, maana ile ajali ya kina Tannhaus ishazuiwa. Binamu anasema lile fundo la zama na nasaba halijakatika lote. Mie nasema ni alama tu ilobaki. Bibi yeye hakuona cha kubishania, anasema jina la ami lilimjia vivyo hivyo, usingizini, mvua inanyesha.