Karakana ya mawe pembeni mwa Tororo, Uganda: ngazi safi kabisa, ila vumbi lishughulikiwe

Nilikwenda pale kutafuta marumaru nyeupe ya Moroto ya kuweka juu ya meza ya jikoni. Malori yanayoteremsha jiwe hilo kutoka Karamoja kwenda kutengenezewa saruji huwa nayaona barabarani, nikasema na mimi nipate kipande. Fundi mkuu hakubishana nami. Alichukua kibanzi cha marumaru, akakikamulia ndimu, tukatazama vipovu vikitokea polepole. Alipokipangusa, mng'ao ulikuwa umeondoka, limebaki doa lililofifia. "Mama, wewe ni mtu wa samaki, ndimu haikosi jikoni," akaniambia. "Chukua graniti. Marumaru tutaiweka sebuleni." Na kipande nilichokitaka kilikuwa kimeshakatwa, angeniuzia tu. Hilo ndilo lililonirudisha kwake.

Safari ya pili nilitaka ngazi tatu za baraza na vizingiti vya madirisha manne. Ngazi hakuzing'arisha. Alipitisha moto wa gesi juu ya graniti hadi punje za juu zikaruka, uso ukabaki wa kukwaruza. Sasa mvua ikinyesha mama mkwe wangu, mwenye miaka 74, anapanda bila kushika ukuta. Kwenye vizingiti, upande wa chini karibu na ukingo wa nje, alichimba mfereji mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Sikuuelewa mpaka iliponyesha: maji yakifika pale yanadondoka, hayatambai kurudi ukutani. Nyumba yetu ya kwanza haikuwekewa kitu kama hicho, na chini ya kila dirisha kuna michirizi myeusi hadi leo.

Mawe ya kubandika ukutani hayakuniridhisha. Yalikuja na unene wa kila namna, mengine inchi moja, mengine karibu mbili, mwashi wangu akashinda na pimamaji siku nzima. Nilipopiga simu waliyabadilisha yale 11 manene bila maneno, lakini usafiri nililipa mimi.

Kinachoniuma zaidi ni wale vijana. Msumeno mkubwa unakata kwa maji, sawa. Vipande vidogo wanavikata kwa grinda, jiwe kavu, kitambaa kimefungwa puani. Vumbi la graniti lina madini yaitwayo silika. Ile laini kabisa inapita kwenye kitambaa, inaingia mapafuni na kuyatia makovu yasiyopona. Mmoja wao hafiki hata miaka 20, nyusi zote nyeupe. Nilimwambia mwenye karakana: mpira wa maji na barakoa za kweli havizidi bei ya kizingiti kimoja. Akaahidi. Mwezi ujao nina kazi ya nguzo za geti, na nataka waifanye wao. Lakini kabla ya kutoa malipo ya kwanza nitazunguka kule nyuma, nione grinda inakataje.