Uzoefu wangu wa kufuatilia printa za ofisi kwa Zabbix

Ofisi ninayoitumikia hapa Dodoma ina printa 14 katika ghorofa tatu, na hadi mwaka jana nilijua kwamba mojawapo ina tatizo pale tu mlango wangu ulipogongwa. "Kaka, mashine imegoma tena, na mkurugenzi anasubiri barua," angesema katibu muhtasi, nami ningepanda ngazi nikute tona imekwisha na stoo hakuna nyingine. Tona zetu hununuliwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, kwa hiyo kuishiwa ghafla ni kukaa siku mbili au tatu bila kuchapisha. Mwezi wa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa na wahasibu wakiwa hawainuki kwenye viti, siku hizo haziwezi kuvumilika. Ndiyo sababu nikafunga Zabbix, programu huria ya kufuatilia hali ya vifaa vilivyo mtandaoni isiyodai ada ya leseni, ambayo sasa nimeitumia kwa miezi minane.

Kuifunga kwenyewe ni kazi ya nusu siku kwa mtu aliyezoea Linux. Nilitumia kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 8 na Ubuntu, na imetosha kabisa. Kazi kubwa iko kwenye printa. Zabbix huziuliza kwa SNMP, itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao hali yake, kupitia mlango (port) wa UDP 161, na printa nyingi za ofisini hujibu kwa mpangilio wa pamoja uliotolewa mwaka 2004 kwa jina la RFC 3805, hivyo kaunta ya kurasa, kiwango cha tona na hali ya trei huulizwa kwa namba zilezile hata kama watengenezaji ni tofauti. Ilinilazimu kufungua ukurasa wa mipangilio wa kila printa, kuhakikisha SNMP imewashwa, na kubadilisha neno la kusomea, yaani aina ya nywila ya kusoma taarifa za printa, ambalo kwa kawaida hutoka kiwandani likiwa "public" na ambalo katika toleo la 2 la SNMP husafiri mtandaoni bila kufichwa. Hatua hii inachosha, lakini namsihi kila anayefuata njia hii asiiruke.

Wiki ya pili umeme ulikatika, ruta ikazima, na uliporudi printa kadhaa zikapewa anwani mpya za IP. Niligundua kwa sababu kaunta ya printa ya masjala, iliyokuwa imepita kurasa 182,000, ilishuka ghafla hadi 41,000. Kaunta ya printa hairudi nyuma. Zabbix ilikuwa inasoma printa ya uhasibu ikidhani ni ya masjala. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilipaswa kuitengea kila printa anwani yake ya kudumu kwenye ruta, kwa kufuata namba yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao), kabla ya kuanza kitu kingine chochote.

Jambo lililonichukulia muda mrefu zaidi ni asilimia za tona. Printa tatu zilidai zina tona asilimia 150, na nyingine mbili zikawa zinanitumia tahadhari usiku kucha kwamba zimefika asilimia hasi 3. Maelezo yamo ndani ya mpangilio uleule: printa isiyoweza kupima kiasi halisi inaruhusiwa kujibu -3, yaani tona bado ipo ila kiasi hakijulikani, na inapokuwa haijui hata ujazo wa katriji hujibu -2. Ukigawanya -3 kwa -2 na kuzidisha kwa 100 unapata 150, na Zabbix ilikuwa inapiga hesabu hiyo kwa uaminifu. Nilirekebisha masharti ya tahadhari ili thamani zilizo chini ya sifuri zisihesabiwe. Kwa printa hizo tano nimeacha asilimia kabisa na kutegemea kaunta: kila ninapobadilisha katriji naandika kaunta ya siku hiyo kama makro (thamani ninayoihifadhi ndani ya Zabbix) ya printa husika, na kurasa 1,700 zikishapita napata ujumbe wa Telegram. Katriji zetu hutoa takriban kurasa 2,500, na masjala hutumia kama kurasa 200 kwa siku, kwa hiyo ninakuwa na siku nne za kuagiza. Kwa maoni yangu hesabu hii ni ya kuaminika kuliko asilimia, hata kwa printa zinazojibu vizuri.

Juni iliyopita tona hazikutuishia hata mara moja, na mama wa masjala alinipigia simu kuuliza kama nimeanza kuweka akiba ya siri. Grafu za kurasa kwa kila idara nazo zimemsaidia afisa ununuzi kupanga kiasi cha kuagiza kwa robo mwaka, badala ya kukisia.

Zipo kazi ambazo Zabbix haijaniondolea. Vumbi la hapa wakati wa kiangazi huchakaza roli za kuvutia karatasi bila printa kutoa taarifa yoyote mpaka karatasi ikwame, kwa hiyo kila Ijumaa bado nazunguka na brashi na kitambaa. Printa mbili zilizounganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta za watu hazionekani kabisa mtandaoni, na nimeomba zibadilishwe katika bajeti ijayo.