Kingston A400 ya GB 240 kwenye laptopu inayoganda ikiwashwa: uzoefu wangu

SSD hii (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) nimeifunga kwenye laptopu ya inchi 14 yenye RAM ya GB 8, badala ya diski ya kuzunguka ya GB 500. Zamani ilikuwa ikifika kwenye vidoti vya Windows inaganda, na siku ikikubali kuwaka ilichukua zaidi ya dakika sita. Sasa ni sekunde 19. Naipendekeza, ila hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni diski kweli.

Kipimo hakihitaji hela. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri au chomoa kebo yake ndani, kisha toa diski. Rudisha umeme uwashe bila diski. Ikipita nembo ya mtengenezaji na kutangaza kwamba haioni diski ya kuwashia, shuku diski. Ikiganda kwenye nembo ileile hata bila diski, SSD haitakusaidia: chomoa vifaa vyote vya USB, halafu jaribu kijiti kimoja kimoja cha RAM katika kila nafasi.

Diski uliyoitoa iunganishe kwa kebo ya SATA kwenda USB kwenye kompyuta nyingine isiyo na tatizo, ufungue CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Tazama mistari miwili: 05, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyoshika data) zilizokwisha kubadilishwa, na C5, sekta zinazoshindwa kusomeka. Programu hii kwa kawaida huandika namba kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 18 mwishoni mwa mstari ni sekta 24. Kwangu C5 haikuwa sifuri, na hicho ndicho chanzo cha kuganda: diski inarudia kuisoma sekta mbovu tena na tena, na Windows inakaa kuisubiri. Mstari wa C7, makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine, ukipanda wakati 05 na C5 ni sifuri, mara nyingi tatizo ni kebo au soketi. Safisha na kukaza kabla ya kununua chochote.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza kazi zao. Wanakimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, ambayo hupitia diski nzima sekta kwa sekta. Diski iliyo mahututi inaweza kufia humohumo. Toa kwanza mafaili yako, ukianza na yale usiyoweza kuyapata kwingine. Diski ikigoma kunakili, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, kutoka fleshi ya SystemRescue (mfumo wa Linux unaowaka kutoka fleshi): huchukua kwanza panaposomeka, na sehemu ngumu huzirudia baadaye. Kama diski ina BitLocker, yaani imefungwa kwa usimbaji wa Windows, tafuta ufunguo wa kurejesha kabla ya kugusa lolote.

Sikuihamisha Windows ya zamani, na sishauri. Sekta mbovu huenda zimekwisha kuharibu mafaili ya mfumo, na ukinakili kila kitu unahamia na ugonjwa. Andaa fleshi ya GB 8 au zaidi kwa Media Creation Tool, programu ya Microsoft ya kuandaa fleshi ya Windows, washa kupitia menyu ya kuchagua diski (F12 kwa Lenovo na Dell nyingi, F9 kwa HP), usakinishe upya. Leseni ya kidijitali imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo ukisakinisha toleo lilelile itajithibitisha ukiunganisha intaneti. Kumbuka Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Angalia kama mashine yako inakubali 11.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya robo saa kwa bisibisi ndogo ya nyota. A400 ina unene wa milimita 7. Nafasi ya diski yako ikiwa ya milimita 9.5, weka kipande cha kujazia cha milimita 2.5, la sivyo itachezacheza na soketi kulegea. Kishikizi na skrubu za diski ya zamani usizitupe, zinahamia huku.

Kosa moja nimeliona mara nyingi: diski mbovu inahamishiwa kwenye nafasi ya DVD ili iwe ya kuhifadhia. Kuganda kunarudi vilevile, maana mashine inaikagua kila inapowaka. Itoe kabisa.

Kuhusu kasi, Kingston wanataja kusoma hadi MB 500 kwa sekunde na kuandika hadi 350. Haina DRAM, kumbukumbu ya haraka ya ndani ya diski, hivyo ukinakili video kubwa kwa mfululizo inapungua kasi katikati. Kwa kuwaka, kuchapa maandishi na kuvinjari hutaligundua hilo. Hata laptopu ya zamani yenye SATA II (muunganisho wa diski wa kizazi cha nyuma, wenye kasi ndogo) inafaidika, kwani faida kubwa haiko kwenye MB: diski ya mizunguko 5400 husubiri wastani wa milisekunde 5.6 sahani ifike tu mahali pake, kabla ya kuhesabu safari ya kichwa cha kusomea.

Uhai wa kuandika, yaani jumla ya data inayoweza kuandikwa kwa maisha yake, ni TB 80 kwa GB 240, na TB 160 kwa GB 480. Mwenye picha na video nyingi achukue ya 480. Dukani omba ijaribiwe mbele yako: diski bandia hutangaza ujazo isiokuwa nao, na programu ya H2testw huijaza yote kisha kuisoma upya. Iendeshe kabla ya kusakinisha, ukiwa bado na risiti.