Tahadhari: F310 Inauzwa kwa Jina la FG830 Mjini Kampala

Ndugu wapiga gitaa wa Kampala na viunga vyake, naomba msome haya kabla ya kumtumia pesa mtu yeyote anayeuza Yamaha FG830 iliyotumika. Mwezi uliopita nililipa shilingi 1,100,000 kwa gitaa ambalo mwuzaji aliniapia kuwa ni FG830. Tulikutana Wandegeya jioni, giza likianza kuingia, naye akinihimiza kwa madai kwamba basi la Mbarara linamwacha. Lebo iliyomo ndani ya tundu la sauti ilisomeka FG830, nami nikaridhika na hiyo.

Wiki hii nilitaka kuliuza ili nilipe karo ya mwanangu. Fundi alimulika tochi ya simu, akapitisha ukucha kwenye pembe ya lebo, ikabanduka; chini yake palikuwa na lebo nyingine, F310, modeli nyingine ya Yamaha. Mnunuzi aliyekuwa amesimama pale pale akashuka hadi shilingi 450,000, na sikuwa na la kumjibu.

Hakunionea. Uso wa F310 ni wa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, ilhali modeli za FG800, FG820 na FG830 zote zina uso wa kipande kizima cha mbao ya sprusi, na uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya sauti, ndiyo maana wanaojua hukubali kuongeza pesa. Zenyewe kwa zenyewe hizo tatu hutofautiana hasa mgongoni na mbavuni: FG800 ni mbao ya nato au okume, FG820 ni mahogani, FG830 ni rozwudi. Kwa maoni yangu, pengo la bei kati ya FG800 na FG830 zilizotumika linapaswa kuwa dogo kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Pengo la kuogopa ni lile lililo kati ya hizo tatu na F310.

Lebo hubandikwa, lakini urefu wa nyuzi haubadilishwi. Pima kwa tepu kuanzia kijimfupa kinachoshika nyuzi penye kichwa hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa): FG830 hutoa milimita 325, F310 hutoa 317. (FS800 nayo ni 317 ingawa uso wake ni wa kipande kizima, ila mwili wake ni mdogo na jina lake ni FS, si FG.) Kisha mulika ukingo wa tundu la sauti: kwenye kipande kizima mistari ya mbao hushuka kutoka usoni hadi ndani bila kukatika, na kwenye mbao za kugandishwa utaona tabaka.

Mwuzaji yule hapokei tena simu yangu, lakini jana nimeona anatangaza FG830 nyingine, gitaa limeegemezwa kwenye pazia lile lile la kijani lililokuwa kwenye tangazo la gitaa langu. Akikuambia mkutane jioni, mwambie saa nne asubuhi, mahali penye mwanga, na usitume hata shilingi ya kushikia kabla tepu haijafika freti ya 12.