Darasa la imla la jioni hapa Morogoro: spelingi za Kiingereza kwa shilingi 50,000

Mimi nina steshenari Morogoro mjini, na kinachoniingizia zaidi ni kuchapa. Barua za maombi ya kazi, CV, ripoti za field, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe wakikaribia kumaliza, tafiti zao. Mteja anakuja na karatasi aliyoandika kwa mkono, anasema, "Dada, nichapie kama ilivyo." Hapo ndipo roho huniuma, maana barua yenye "I am writting to apply" mstari wa kwanza tu inakwenda kushindana na mamia ya barua nyingine, na huenda aliyeiandika ana sifa zote za kazi ile. Niliposikia kuna mama mmoja, katibu muhtasi mstaafu, anafundisha spelingi za Kiingereza jioni, nikajiandikisha mimi na binti ninayefanya naye kazi dukani.

Ada ni shilingi 50,000 kwa kozi nzima, unalipa kwa awamu mbili. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, kwenye ukumbi mdogo wa ghorofani. Mwalimu alisomea uhazili Tabora, enzi za hatimkato na mashine ya chapa, ambako kosa moja lingeweza kukufanya uchomoe karatasi zote na kaboni zake uanze upya. Ukali wake kwenye herufi moja unatoka huko, na kwangu ndio uzuri wake.

Kila kipindi kinaanza kwa imla. Simu zote zinakaa juu ya meza ya mbele. Mwalimu anasoma barua ya kiofisi, labda mwaliko wa kikao au dokezo la kuomba matengenezo, sentensi moja moja, mara mbili, basi. Mnaandika kwa kalamu, mnabadilishana madaftari, mnasahihishana. Neno ulilokosea linahamia ukurasa wako wa nyuma, na haliondoki pale mpaka uliandike sawasawa vipindi vitatu mfululizo. Kwa hiyo kila mmoja ana orodha yake, hakuna anayepoteza muda kwa maneno anayoyajua. Kijana aliyekaa mbele yangu, dereva, alisumbuliwa sana na "maintenance", kwa kuwa kitenzi ni "maintain" naye alikuwa anaiingiza "ai" ile ile kwenye nomino. Mwalimu hakumtungia wimbo wala ujanja. Alimwandikisha sentensi za magari, "maintenance of vehicles", "maintenance costs", hadi mkono ukalizoea.

Lakini kilichonishawishi kuandika mapitio haya ni jinsi anavyoyapanga maneno. Orodha nyingi za mtandaoni zinaanza A na kwenda Z, "accommodation", "believe", "calendar", unakariri leo na kesho yamekwisha. Yeye anapanga kwa chanzo cha kosa.

Kipindi cha kwanza alitueleza fujo yenyewe ilitoka wapi. William Caxton alipeleka mtambo wa kuchapa Uingereza mwaka 1476, na kadiri vitabu vilivyoenea tahajia zikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kubadilika. Ile "k" ya "knife" watu walikuwa wakiitamka. Tena wakaja wasomi wapenzi wa Kilatini wakapachika herufi ambazo hakuna aliyekuwa akizisema: "b" ya "debt" ili neno lifanane na "debitum", "p" ya "receipt" ili likumbushe "recepta". Kiswahili chetu kilikaliwa vikao, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukakubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi 1930 ikasimamia tahajia moja. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo kama hicho. Kusikia hivyo kuliwatoa hofu wengi darasani. Wengine walikaa miaka wakijiona wazito wa kichwa, kumbe ugumu uko kwenye lugha yenyewe.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ya konsonanti mbili. Chukua "refer", neno ambalo kwenye barua za kazi halikosekani. Mkazo uko silabi ya mwisho, nayo inaishia irabu moja na konsonanti moja, basi ukiongeza "-ed" unaandika "r" mbili: "referred". Ukiongeza "-ence" mkazo unarudi mwanzo wa neno, "r" inabaki moja: "reference". Ndivyo ilivyo "occurred", "beginning" na "committed". Na ndiyo maana "offered" na "visited" hazihitaji kurudiwa herufi. Hiyo "writting" inayonisumbua dukani ina sababu yake pia: "write" inadondosha "e" inapopokea "-ing", na "t" inabaki moja, "t" mbili ni za "written". Nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi na sikuwahi kuambiwa kwamba mkazo ndio unaoamua. Anakiri ina vichomozi, Waingereza wanaandika "travelled" kwa "l" mbili ingawa mkazo uko mwanzoni, na Wamarekani wanaandika moja. Lakini kanuni moja inayobeba maneno mengi hivyo inastahili kulipiwa.

Kundi jingine ni la irabu zinazomezwa. Sisi tumezoea irabu tano na zote zinasikika. Mwingereza irabu isiyo na mkazo anaimeza, msikilizaji anakisia, ndipo tunapata "definately", "grammer" na "secretery". Dawa yake ni kutafuta ndugu wa neno ambako irabu ile inasikika wazi. "Grammar" ina "grammatical". "Secretary" ina "secretarial". "Definite" ndani yake kuna "finite". Hata herufi zilizo kimya zinapatikana hivyo, "g" ya "sign" inajitokeza kwenye "signature". Maneno yasiyo na ndugu wa kusaidia, kama "separate", ndiyo pekee anayotaka mkariri, na kwa kuwa ni machache yanakaririka.

Wateja wengi huniambia kompyuta itasahihisha. Mara nyingi kompyuta haikuokoi na neno lililoandikwa sawa lakini si lako. Nimepokea CV zaidi ya moja zenye "Human Resource Manger"; kompyuta inapita kimya, kwa kuwa "manger" ni neno halali, maana yake hori la kulishia mifugo. "From" na "form", "advice" na "advise", "principal" na "principle" nazo ni hivyo hivyo. Jioni moja umeme ulikatika, mwalimu akatushusha mtaani kusoma mabango. Tulikuta "STATIONARY", yaani kitu kisichosogea, badala ya "stationery" juu ya duka la madaftari, "RESTURANT" badala ya "restaurant", na "HAIR SALOON" badala ya "salon", kwa rangi nzuri kabisa. Wachache wakaanza kucheka, akawakatiza: "Msicheke, wanangu. Fundi rangi anaandika anacholetewa. Nyinyi ndio mtakaokuwa mnamletea."

Suala la Uingereza na Marekani alilipitia haraka, na lilihitaji muda zaidi. Alitaja kamusi ya Noah Webster ya 1828 iliyokita "color" na "center" kwa Wamarekani, akatuambia kwa barua za serikali hapa tushike "labour", "programme" na "centre", na tusichanganye mitindo miwili ndani ya barua moja. Jambo ambalo hakuligusa, nami naliongeza kwa faida yako: angalia kibodi ya simu na lugha ya Word. Ikiwa imewekwa Kiingereza cha Marekani itakupigia mstari mwekundu kwenye "labour" iliyo sahihi, nawe utaibadilisha ukidhani unarekebisha. Weka Kiingereza cha Uingereza.

Sasa kasoro. Ukumbi uko juu ya karakana ya kuchomelea mageti, na wakianza kukata vyuma imla haisikiki. Kwenye somo la kusikia na kuandika hilo ni tatizo kubwa, na kwa ada tunayolipa angetafuta chumba kingine. Karatasi anazogawa ni kopi za kopi, nyingine "e" na "c" hazitofautiani, jambo lisilofaa hata kidogo kwenye darasa la spelingi; nilimwomba nizichape upya dukani kwangu bure, akakubali. Pia maneno yake yote ni ya ofisini. Wanafunzi wa chuo waliokuwa nasi walihitaji "questionnaire", "laboratory", "bibliography", na hayo hawakuyapata. Kama unaandika utafiti, uliza kwanza.

Dukani kazi imebadilika. Binti yangu wa kazi siku hizi hachapi kabla hajapitia karatasi ya mteja kwa penseli, anazungushia neno, anamgeuzia mwenyewe: "Kaka, hapa 'faithfully' ni 'l' mbili, faithful halafu ly. Nirekebishe?" Anachukua dakika chache tu, na mteja anaondoka na barua safi na sababu yake kichwani. Hatutozi kwa hilo.

Kundi jipya linaanza Januari, Mei na Septemba, na hachukui watu zaidi ya 20. Nenda na kaunta buku ya kwaya mbili na kalamu ya wino. Penseli haruhusu, anataka kosa libaki linaonekana. Ukiwahi, kaa upande wa dirisha la barabarani, mbali na karakana.