Simbilisi wa mzee wa Ujiji, mwaka mzima tangu ninunue

Habari zenu wafugaji. Kuna watu kama watatu wameshaniuliza simbilisi wangu (hawa wanaoitwa pia guinea pig) niliwatoa wapi na kama huko nilikonunua panafaa, nikaona niandike mara moja niwajibu wote.

Nilinunua Ujiji, hapa Kigoma, kwa mzee mmoja anafugia nyuma ya nyumba yake, hana kibao wala jina la duka, ukishuka kuelekea makumbusho ya Livingstone ulizia tu kwa wamama wauza mawese watakupeleka. Ana simbilisi, sungura, njiwa na bata wachache. Mi nilienda na binti yangu wa darasa la nne, tulitaka mmoja tu maana nyumba yenyewe ya kupanga, chumba na sebule huku Katubuka, basi mzee akatukatalia kabisa. "Mama, mmoja sikuuzii, akikaa peke yake ananyong'onyea, chukua wawili au mpe mtoto njiwa." Hapo nilidhani anasukuma biashara yake ila kiukweli alikuwa sahihi, hawa wanyama wanalala wamegusana na ukimtoa mmoja bandani yule aliyebaki anaita mpaka umrudishe. Wawili tulilipa sh 14,000 akatuongezea bakuli la udongo la maji, zito, hawalipindui.

Sasa kasoro yake nayo naisema wazi. Alituambia wote majike, kumbe mmoja dume. Baada ya miezi miwili na kitu naenda alfajiri kuwapa majani nakuta watoto watatu, na watoto wa simbilisi jamani si kama wa panya au sungura wanaozaliwa uchi, hawa wanatoka na manyoya yao, macho wazi, jioni ile ile wanatafuna jani. Binti yangu alilia kwa furaha. Nikampigia mzee, akaja na baiskeli yake siku ya pili akaomba radhi na kumchukua dume, lakini tulikuwa tumeshachelewa kwa sababu jike anaweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa, hivyo baada ya miezi miwili mingine wakaja wanne. Na wale madume wadogo wakifika wiki tatu unawatenga na mama yao na dada zao, usingoje, wanapevuka mapema mno. Mzee alinifundisha kuangalia mwenyewe, unamshika kifudifudi mkononi, unamgeuza taratibu, unabonyeza kidogo juu ya sehemu za siri, akiwa dume uume unajitokeza. Na waliozidi aliwanunua tena kwangu sh 4,000 kila mmoja, hiyo sikuitegemea. Ila ukinunua kwake mwambie aangalie mbele yako, wote, mmoja mmoja.

Kitu cha pili ni chakula na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri maana nusura nimpoteze yule jike wa kwanza. Mzee alisema "wape majani" basi, hakufafanua. Masika haina shida, ukoka na matembele kila mahali, lakini ilipofika Agosti majani yamekauka mlimani kote mi nikaenda kununua chakula cha sungura cha vidonge na pumba kwenye duka moja la mifugo, nikawa nawapa hicho na nyasi kavu. Wiki tatu nne hivi yule jike akaanza kuchechemea, manyoya yamesimama, hataki kula, nikiangalia mdomoni fizi zinatoa damu. Muuzaji wa dukani akasema ni bakteria, akatoa penisilini nimchome. Namshukuru Mungu nilimpigia mzee kwanza. Alipiga kelele kwenye simu, "Usimchome mama! Mi nilishapoteza watano kwa hiyo sindano!" Nikaja kusoma baadaye nikaelewa, penisilini na amoksilini zinaua wadudu wazuri wa tumboni wanaomsaidia simbilisi kusaga majani, anaharisha anakufa. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa upungufu wa vitamini C. Mwili wa simbilisi hauwezi kuitengeneza, ni kama sisi binadamu, lazima aipate kwenye chakula kila siku, wakati sungura anajitengenezea mwenyewe ndiyo maana chakula chake hakiwatoshi hawa. Nikamkatia pilipili hoho vipande vidogo na mapera, nikawa namlisha kwa mkono asubuhi na jioni, siku ya tano akaanza kutembea vizuri, na siku aliyoniitia chakula tena, ile sauti yao ya wiiik wiiik, nilikaa chini nikatoa machozi.

Tangu hapo kila siku kipande cha hoho kwa kila mmoja bila kukosa, matembele nanunua soko la Mwanga, na nyasi kavu ziwepo muda wote kwa sababu meno yao yanaota maisha yao yote, bila kutafuna yanazidi urefu wanashindwa kula. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo, kitunguu na parachichi msiwape.

Banda alitengeneza fundi seremala wa Gungu, sh 45,000, zuri, na maranda ya kutandika ananipa bure nabadilisha kila baada ya siku mbili harufu hakuna, mwenye nyumba hajawahi kulalamika. Lakini lilikuja na miguu mifupi. Siafu walitutembelea usiku wa mvua mwezi wa kumi na mbili, bahati paka wa jirani alilia nikaamka. Nikamrudishia fundi akarefusha miguu, sasa kila mguu umesimama kwenye kopo lenye oili chafu, na juu nimeweka wavu kwa ajili ya huyo huyo paka. Watu huwa wanasema simbilisi wanafukuza nyoka, mi sijaona hilo, msinunue kwa sababu hiyo.

Nunueni kwa sababu binti yangu akirudi shule akifungua geti tu wanaijua hatua yake wanaanza kuita, na jioni akiwatoa kwenye mkeka wanarukaruka kama dagaa walioingia wavuni, yaani mnyama mzima anapaa kwa raha. Wanaweza kuishi miaka mitano mpaka minane, kwa hiyo ni mzigo wa muda mrefu, mzazi ujue ni wewe utakayetafuta majani mtoto akiwa na mitihani.

Mzee nampa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa dume na kwa kutoeleza chakula. Nilimwambia hivyo ana kwa ana, siku hizi kila mteja anamwambia habari ya hoho na mapera, nimemsikia mwenyewe. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo anakuwa shamba, na mbebe boksi lenye matundu, anawatia kwenye gunia na lile gunia halina hewa.