Uzoefu wangu: umeme wa TV kwenye kebini ya lori, Malaba hadi Katuna

Tarehe 18 Agosti 2025 tulilaza gari Lyantonde, mji wa Uganda njiani kutoka Malaba, mpaka wa Kenya, kwenda Katuna, mpaka wa Rwanda. Usiku huo Uganda ilikuwa inacheza na Afrika Kusini pale uwanja wa Namboole, mashindano ya CHAN, na tanboi wangu, yaani msaidizi wangu wa safari, alikuwa anahesabu saa tangu Lukaya. Tukasimika dishi dogo kwenye kokoto kando ya tairi la mbele, akalizungusha mpaka picha ikatulia, tukapanda kitandani na TV yetu ya inchi 24. Afrika Kusini wakawa mbele 3–1. Mechi inaelekea ukingoni, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ikaanza kulia, tii tii tii, kisha skrini ikawa nyeusi. Yale mabao mawili ya penalti yaliyofanya mechi iishe 3–3 tuliyasikia kwa kelele za watu wa kibanda cha video ng'ambo ya barabara.

Mabao hayo nilisamehe. Kilichoniuma ni alfajiri. Nimegeuza ufunguo, stata ikagonga tak! mara moja, ikanyamaza. Betri hazina moto kabisa. Dereva mmoja Mtanzania aliyekuwa ameingilia Mutukula akashuka akiwa bado na shuka mabegani, akaniambia, "Pole kaka, lete nyaya." Tukaazima moto kwake, tukaondoka jua limeshapanda.

Ile inveta niliinunua katikati ya Kampala kwa shilingi 160,000. Kwenye kasha iliandikwa wati 1000, lakini ukiishika ni nyepesi kama mkate. Tangu siku ya kwanza spika zilikuwa na mvumo kama mzinga wa nyuki, na chaja ya laptopu ilikuwa inapata joto hadi naogopa kuigusa. Fundi alinieleza baadaye kwamba umeme wa nyumbani hupanda na kushuka kwa mkunjo laini, lakini hizi za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi ngazi. TV itawaka, ila vyombo vya sauti na chaja nyingine vinateseka.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia ni hili: ile kengele ya inveta inailinda inveta yenyewe, haiilindi stata. Yangu ilikuwa inakata umeme volti zikishashuka hadi 20 na nukta kadhaa. Kwa lori la volti 24, lenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa, ukifika hapo umeshachelewa. Betri mbili zilizojaa na kupumzika husoma kama 25.4, na zikiwa nusu ni karibu 24.4. Kwa hiyo ukisubiri kengele, asubuhi utatafuta jirani mwenye nyaya.

Lakini bado hesabu ilikuwa haikubali. TV yetu inakula wati 30, dikoda, kile kisanduku cha dishi, 12. Ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, sema wati 60. Gawanya kwa 24, ni ampea mbili na nusu. Saa tano za kutazama ni kama ampea-saa 12 au 13, na betri zangu ni za 150. Haiwezekani TV peke yake iziue. Tulipofika Mbarara nikamwambia fundi wa umeme apime kila betri peke yake. Moja ikasoma 12.7, ya pili 11.6. Akafungua vifuniko vya ile ya kwanza: maji yamekauka hadi sahani zinaonekana.

Chanzo kilikuwa waya mmoja mwembamba mwekundu. Miaka miwili nyuma fundi mwingine alinifungia redio ya volti 12 na chaja za simu, akachukua umeme kwenye betri moja tu, kule katikati. Redio iliimba vizuri, nikamlipa na kumshukuru. Kumbe ile betri moja ilikuwa inanyonywa kila siku, na alternata, ile mashine ya injini inayochaji betri, inachaji zote mbili kama kitu kimoja, hivyo dhaifu haijai na mwenzake anachemshwa. Madereva wenzangu, kagueni hili leo. Ukiona waya umefungwa kwenye ule mkanda unaounganisha betri zako mbili, uondoe. Kuna kishushio cha kutoka 24 kwenda 12, mimi nilikipata kwa shilingi 70,000, na hicho kinachota kwenye betri zote kwa usawa.

Fundi huyo wa Mbarara alifanya kitu kimoja nilichokipenda sana. Aligeuza adapta ya TV, akanisomesha maandishi: 12V, 3A. Yaani TV yenyewe haihitaji umeme wa nyumbani! Tulikuwa tunachukua volti 24, tunazipandisha hadi 240, kisha adapta inazishusha hadi 12. Ni kama kutoka Malaba kwenda Jinja ukapitia Gulu. Dikoda nayo ilikuwa ya 12. Sasa zote mbili zinakula kwenye kishushio, na inveta naiwasha kwa laptopu na mashine ya kunyolea tu.

Inveta niliibadilisha hata hivyo. Hii mpya ni ya wati 600, ya mkunjo laini, shilingi 380,000. Mvumo umekwisha. Waya zake ni nene, milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 40 iko pale pale karibu na betri, si ndani ya kebini, kwa sababu waya ukichubuka chini ya gari ndipo moto unapoanzia. Nikafunga pia kikatio kinachozima kila kitu cha kebini volti zikifika 24.2. Betri mpya mbili ndizo zilizonivunja mfuko, nami nilizibadilisha pamoja, kwa kuwa kuoanisha mpya na kuukuu ni kuiua mpya.

Kasoro zipo. Feni ya inveta ina kelele usiku ukiwa umelala juu yake, na kishushio changu kinaifanya FM ikwaruze kwenye stesheni za mbali. Kuacha injini ikinguruma usiku kucha si dawa, ni lita mbili hadi tatu kila saa, na tajiri anaona kwenye traka, kile kifaa cha kufuatilia gari.

Kwangu mimi hii si anasa. Zamani mechi ikianza tunaelekea kibandani, na mara mbili nimerudi nikakuta kifuniko cha tangi kimefunguliwa. Januari 2022, ile foleni ya vipimo vya Covid pale Malaba, tulikaa siku hata sizikumbuki vizuri, simu zimezima, hakuna cha kutazama, watu wanagombana kwa maneno madogo tu. Mwezi uliopita tumekaa Malaba tena usiku mbili. Tanboi alitazama mpira hadi saa sita, mara mbili mfululizo. Asubuhi ya safari nikasoma mita kabla ya kugusa ufunguo: 24.7. Akaniuliza kutoka kitandani, "Mzee, inawaka?" Ikawaka kwa mguso wa kwanza.